Likizo ya uzazi kwa tulioajiriwa sekta binafsi Arusha na Moshi: tarehe na barua kabla ya beseni

Karani_Njiro (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nashughulika na mishahara na mikataba kwenye ofisi moja ya utalii hapa Arusha, na mwenyewe nina tumbo la mtoto wa pili. Kila mwaka naona jambo lilelile. Dada anajua mpaka rangi ya neti ya mtoto, beseni keshanunua soko la Kilombero, majina ya kike na ya kiume yapo. Ukimuuliza likizo yako inaanza tarehe ngapi, anakujibu, "Nitaongea na bosi nikikaribia."

Ukikaribia lini? Nguo za mtoto hata mawifi watanunua. Barua hakuna wa kukuandikia, kwa hiyo leo tuongelee barua na tarehe.

Nazungumzia sekta binafsi, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33. Watumishi wa serikali mna taratibu zenu, wajuzi mtashuka chini mtuongezee.

Sheria inakutaka umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, na uambatanishe cheti cha daktari. Kuna ofisi zinakubali nakala ya kadi ya kliniki, lakini usiweke matumaini hapo. Siku ya kliniki, iwe Levolosi, Mount Meru, Mawenzi au KCMC, omba karatasi yenye mhuri inayotaja tarehe ya makadirio. Miezi 3 kabla maana yake mimba ina kama miezi 6 hivi. Kwa wanaoficha tumbo na sweta kubwa, Juni na Julai baridi ya Arusha inawabeba kweli, ila muda wa barua unapita huku umejifunika.

Najua kwa nini watu wanaficha. Wanaogopa kuachishwa kazi au mkataba kutoongezwa. Lakini fikiria hivi: kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito sheria inakuhesabu kuwa si halali, kifungu cha 37. Sasa kama bosi hana karatasi yoyote inayoonyesha alijua una mimba, atasimama aseme hakujua, nawe utabaki kuapa. Barua ile ile unayoiogopa ndiyo inayokulinda. Andika nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine ipigwe mhuri wa kupokelewa au isainiwe na tarehe, uende nayo nyumbani.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapojipunja.

Siku ni 84 zenye malipo, 100 ukijifungua mapacha au zaidi. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Unaruhusiwa kuanza kuanzia wiki 4 kabla ya makadirio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuna sababu ya kiafya. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Kuna ofisi zinamsukuma mtu aondoke wiki 4 kabla "akapumzike", naye anashukuru. Tufanye makadirio yako ni 20 Septemba.

Ukianza 23 Agosti, siku ya 84 ni 14 Novemba. Unaripoti tarehe 15 mtoto akiwa na wiki 8.

Ukianza 13 Septemba, siku ya 84 ni 5 Desemba. Ukiunganisha likizo yako ya mwaka, ile ya siku 28, kama hukuila, unafika 2 Januari. Unaripoti tarehe 3, mtoto ana wiki 15. Kazi ni ileile, mshahara uleule, tofauti ni karibu miezi miwili ya kukaa na mwanao.

Ndiyo maana nasema likizo ya mwaka msiitafune ovyo kwenye mazishi na kipaimara mwanzoni mwa mwaka kama unajua una mimba. Kuunganisha ni makubaliano na mwajiri, si lazima akubali tarehe hizo, kwa hiyo liandike ndani ya barua hiyohiyo. Usilisubiri mpaka uko nyumbani umelaza mtoto kifuani unapiga simu ofisini.

Wenye presha, wanaovimba miguu, wanaosimama kutwa nzima jikoni hotelini, hesabu yangu isiwabane. Mwili ukikataa, ondoka mapema.

Fedha. Unaolipwa ni mshahara wako. Sisi wa utalii tunaishi kwa vitu vya pembeni: kamisheni ya mauzo, bahashishi, posho ya kusafiri. Hivyo vinakatika siku unayotoka ofisini, labda mkataba wako useme vingine. Kaa na karatasi za mshahara, ondoa kila kisicho mshahara, ndipo ujue utaishi na nini. Anayejifungua Septemba anakosa kipande kizuri cha msimu, na Januari atakuta ada za wakubwa.

Wanachama wa NSSF kuna fao la uzazi, na wengi hawalidai kabisa. Masharti yake ni michango isiyopungua miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe imelipwa ndani ya miaka 3 kabla ya kujifungua. Nenda kaangalie taarifa ya michango yako sasa hivi. Kukatwa kwenye mshahara na mchango kufika NSSF ni vitu viwili tofauti, na ukigundua pengo ukiwa na mimba ya miezi 5 bado una muda wa kumbana mwajiri. Ukiligundua una kidonda cha upasuaji, utasamehe tu.

Makabidhiano. Andika kila kazi unayoifanya, ipo wapi, nani anaidai, na inaisha lini. Mteja gani hajamalizia malipo, hoteli gani imeshikiwa vyumba kwa ahadi, nani ana namba ya siri ya mfumo. Anza kumfundisha wa kukushikia mapema, afanye wewe ukiwa umekaa pembeni. Ukimkabidhi siku ya mwisho, likizo yako itakuwa simu tupu. Na simu zenyewe semeni mapema: mimi nitapokea maswali ya nani na kwa siku zipi. Binafsi naona wiki 6 za mwanzo usipokee swali la kazi hata moja. Sheria yenyewe hairuhusu urudi kazini ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua bila daktari kuthibitisha uko sawa. Kujibu barua pepe ukiwa kitandani nako naita kazi.

Nimeandika sana, miguu imevimba. Ongezeeni.

---

Zamu_ya_Usiku

Asante kwa uzi, dada. Nipo mapokezi, hoteli ya hapa Moshi mjini. Mimba ina miezi 7 na bado napangwa kuingia saa 2 usiku kutoka alfajiri. Nimelalamika naambiwa wote tunazunguka zamu, hakuna mtoto wa mfalme.

Karani_Njiro

Pole mdogo wangu. Kifungu cha 20 cha sheria hiyohiyo: mjamzito haruhusiwi kupangwa kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya makadirio, na kabla ya hapo kama ana cheti cha daktari. Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Ukishajifungua, miezi 2 pia usipangwe. Kwa hiyo usiombe huruma. Peleka cheti chenye tarehe ya makadirio, andika mistari mitatu ya kuomba ratiba ibadilishwe kuanzia tarehe fulani, taja kifungu. Mameneja wengi hawana ubaya, ratiba wanainakili tu ya mwezi uliopita.

Zamu_ya_Usiku

Nakwenda kliniki Alhamisi. Nitaleta mrejesho.

---

Mwajiri_Mdogo

Naomba nami nisikilizwe. Nina ofisi ya watu wanne hapa Arusha. Mmoja akitoka siku 84 katikati ya msimu namlipa yeye na namlipa wa kushika nafasi yake. Mmeongelea haki mpaka mwisho, mzigo wa mwajiri mdogo hakuna aliyeugusa. Mwisho wake watu wataacha kuajiri wanawake.

Karani_Njiro

Kaka, mzigo upo, silikatai. Lakini hebu angalia miezi 3 ya taarifa imewekwa kwa ajili ya nani. Ni yako. Ndani ya miezi hiyo unapanga, unagawa kazi, unatafuta kijana wa kushikilia ungali na utulivu. Anayekuumiza ni yule anayejificha mpaka wiki ya mwisho, na anajificha kwa sababu amewasikia mabosi wakisema hiyo sentensi yako ya mwisho. Kumnyima mtu ajira au kumbagua kwa sababu ya mimba nako ni kosa kisheria, kwa hiyo usiliandike sana mtandaoni.

Tena ukomo upo. Mwajiri analazimika kutoa likizo hii mara 4 kwa mfanyakazi mmoja, na mzunguko wake, yaani kipindi ambacho siku hizo 84 zinahesabiwa, ni miezi 36. Hatutoki kila mwaka kama mnavyotutania.

Mwajiri_Mdogo

Hapo kwenye taarifa umenipata. Wangu alinijulisha akiwa na wiki 3 mkononi.

Mama_wa_Kiboriloni

Na ungemjibu nini angekuambia akiwa na miezi 5? Jibu kwa ukweli, Mungu anakuona.

Mwajiri_Mdogo

😅 Naomba niishie hapa.

---

Muuguzi_Pasua

Habari za humu. Nipo wodi ya wazazi, naongezea ya kwetu.

Moja, mkija kuomba cheti cha mwajiri msije Ijumaa saa 9 mchana mkiwa na haraka. Semeni siku ya hudhurio mkiwa mmekaa, tuandike vizuri tarehe kutokana na hedhi ya mwisho au kipimo cha ultrasaundi cha mwanzoni. Kuna wanaokuja na makadirio mawili yanayopishana, kisha mwajiri anachagua linalompendeza yeye.

Mbili, makadirio ni makadirio. Kuzaa wiki mbili kabla au wiki moja baada ni kawaida tu. Mwenye mpango wa kufanya kazi mpaka wiki ya mwisho kama alivyoeleza dada, begi lako liwe tayari kuanzia wiki ya 36 na makabidhiano yawe yamekamilika. Na kichwa kikiuma sana, macho yakaona ukungu, uso au mikono ikavimba ghafla, au damu ikatoka, usimalizie ripoti. Njoo hospitali.

Tatu, maziwa. Mtoto anatakiwa maziwa ya mama peke yake miezi 6, na likizo inaisha kabla. Hapo katikati ndipo bibi anapoleta uji mwepesi na maji ya glukosi. Anza kukamua wiki 2 au 3 kabla ya kurudi kazini ili wewe uzoee na mtoto azoee kunyweshwa na mtu mwingine. Maziwa uliyokamua yanakaa nje kwa joto la kawaida la chumba kwa muda usiozidi saa nne, kwenye friji mpaka siku 4. Osha mikono, tumia chombo safi chenye mfuniko, kiandike tarehe. Kumnywesha kwa kikombe kidogo ni rahisi kukisafisha kuliko chupa, na mtoto mdogo anaweza, msiogope.

Karani_Njiro

Ubarikiwe, muuguzi. Na hapo kwenye maziwa kuna kitu ofisi nyingi hazikitaji kabisa: anayenyonyesha anaruhusiwa kwenda kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka jumla ya saa mbili kwa siku. Sasa zitumike vipi? Anayekaa Ngaramtoni na kufanya kazi Njiro hawezi kwenda na kurudi mchana, zote zinaishia kwenye foleni ya Sakina. Wengi ninaowaona wanakubaliana waingie saa moja baadaye na watoke saa moja mapema. Wengine wanatoka moja kwa moja saa 9. Anayekaa jirani na ofisi anachukua mchana. Chagueni, lakini liingie kwenye barua ya kurudi kazini. Likibaki la mdomo, mwezi wa kwanza mnaheshimiana, mwezi wa pili unaanza kuulizwa mbona unawahi kuondoka.

Na mahali pa kukamulia. Msikubali choo. Ombeni ufunguo wa stoo au chumba cha mikutano.

---

Mbeba_Maua_UsaRiver

Sisi wa mashamba ya maua tunaofanya kwa msimu je? Tunaambiwa vibarua hatuna likizo.

Karani_Njiro

Inategemea muda, dada. Mwenye chini ya miezi 6 kazini kwa kawaida hana likizo ya malipo. Lakini aliyeajiriwa kwa msimu sheria imemtaja kuwa anayo, na hata anayeitwa na kuachwa, kuitwa na kuachwa na mwajiri yuleyule, vipindi vyake vikijumlishwa ndani ya mwaka vikapita miezi 6, naye anayo. Kwa hiyo tunza kila karatasi: kadi ya mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu, kitambulisho cha shamba. Kisha nenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo shambani kama yupo, au ofisi ya kazi mjini. Mkiwa watatu wanne mnasikika haraka zaidi.

Mbeba_Maua_UsaRiver

Meseji za malipo zote ninazo. Na kazi ya kupulizia dawa?

Karani_Njiro

Hiyo usiifanye. Mjamzito au anayenyonyesha haruhusiwi kupewa kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Omba upelekwe kwenye kufunga au kupanga maua, na uombe leo, kabla hata ya barua ya likizo.

---

Mwl_Tengeru

Kwa walimu wenzangu: siku ni zilezile 84, barua inaandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, K.K. (kupitia kwa) mkuu wa shule, na hiyo K.K. inakula muda wa ajabu. Barua yangu ilikaa mezani mpaka nikaanza kuivizia kama mkopo. Ipeleke mapema na uulize imefika wapi.

Baba_Kijacho_Rau

Na sisi wanaume tumewekewa chochote?

Mama_wa_Kiboriloni

Mmewekewa kuosha nepi.

Karani_Njiro

Zipo siku zisizopungua 3 zenye malipo, mzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache, najua. Zitumie kwa ya maana: kumtoa mama hospitali, na kufuatilia tangazo la kizazi na cheti cha kuzaliwa, maana bila cheti utasumbuka kumwingiza mtoto kwenye bima. Siku hizo zisiishie kupokea pongezi kijiweni.

Baba_Kijacho_Rau

Nimeelewa, shemeji. Mama yangu anataka mzazi apandishwe Marangu akale mtori mpaka apone vizuri. Mke wangu anataka kubaki mjini karibu na hospitali. Nimekaa katikati kama kizingiti.

Mama_wa_Kiboriloni

Mtori unashuka na basi. Mama yako naye anashuka. Mzazi mwenye mshono umpandishe mlimani wa nini? Mlete bibi mjini wiki za mwanzo, ndizi zije na kiroba. Na huyo bibi akija ndipo mpate muda wa kumfundisha binti wa kazi. Msimchukue binti wiki moja kabla ya kurudi kazini mkadhani atajua mtoto analia njaa au usingizi. Aje mapema, aonane na mama, alale hapo, mumwone tabia.

Halafu kwenye hesabu ya Karani ya kurudi 3 Januari, kumbukeni huku kwetu Desemba watu wote wanapanda nyumbani, na binti naye ataomba ruhusa ya Krismasi. Wengine hawarudi. Muulizeni Novemba.

Karani_Njiro

😂 Mama, hilo la Desemba nakiri sikuliweka kwenye hesabu, na ni kweli tupu.

---

Mpole_Sombetini

Samahani kuuliza jambo zito. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, au isivyo bahati akafariki, likizo inakuwaje? Kuna ndugu yangu yamemkuta, alirudi kazini akiwa hajui.

Karani_Njiro

Mpe pole sana. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe, mama ana haki ya siku nyingine 84 zenye malipo ndani ya mzunguko huohuo wa miezi 36. Wengi hawaijui, na mwenye msiba hana nguvu ya kusoma vifungu, kwa hiyo ndugu ndio mumwandikie barua, yeye asaini tu. Kuhusu mtoto njiti, marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yameongeza muda kwa mama. Aombe hospitali imwandikie wiki za mimba alizojifungua, hiyo ndiyo karatasi ofisi itakayoihitaji.

Na kama kuna aliyeachishwa kazi, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku 30 zinaisha upesi ukiwa na kichanga au ukiwa na majonzi. Mtu mwingine wa nyumbani azihesabu.

Mpole_Sombetini

Asante. Namfikishia leo hii.

---

Shosti_Majengo

Bosi wangu hana ofisi, tunaongea WhatsApp tu. Barua nampelekea wapi?

Karani_Njiro

Iandike kwenye karatasi kabisa: jina lako, cheo, tarehe ya makadirio, tarehe ya kuanza, tarehe ya kurudi, na ombi la kuunganisha likizo ya mwaka. Saini. Ipige picha vizuri pamoja na cheti cha daktari, mtumie, kisha mwombe akujibu kwa maandishi kwamba amepokea. Akijibu kwa ujumbe wa sauti, usiufute. Akikujibu kidole gumba tu, mwandikie "Asante bosi kwa kupokea barua yangu ya likizo ya uzazi ya tarehe fulani", ibaki hapo chini ya kidole chake. Halafu piga picha ya ukurasa wote na umtumie dada yako, maana simu za mkononi na watoto wachanga tunajua zinavyoishia kwenye beseni.

Shosti_Majengo

Nimeandika tayari. Makadirio ni 2 Machi. Nianze lini?

Karani_Njiro

Unafanya kazi ya kukaa au ya kusimama?

Shosti_Majengo

Kusimama, duka la vitambaa. Na likizo ya mwaka nimebakiza yote.

Karani_Njiro

Basi anza katikati ya Februari, usivute mpaka mwisho, na hizo siku 28 uziweke nyuma. Mwambie bosi sasa hivi, kabla hajampa mwenzako ruhusa ya Pasaka.